Uwele, Nafaka Inayotanguliza Ua Jike

Wakazi wengi wa mijini huuita uwele mtama, na wengine huuita ulezi, jambo linalofanana na kumwita mbuzi kondoo kwa kuwa wote wawili hula majani. Ulezi, au wimbi, una suke lililogawanyika kama vidole vya mkono, na mtama una punje kubwa katika suke pana, ilhali suke la uwele limenyooka kama mchi mwembamba na punje zake zimebanana pande zote. Mabaki ya kale ya uwele uliokwisha kulimwa na binadamu yamepatikana katika bonde la Tilemsi nchini Mali, nayo yana umri wa takriban miaka 4,500.

Ajabu ya mmea huu imo katika kuchanua kwake. Kila ua hutoa kwanza stigma, yaani vinyuzi laini vyenye manyoya vinavyopokea chavua, na vichavulio, ambavyo ndivyo vitoavyo chavua hiyo, hujitokeza siku 2 hadi 4 baadaye, hivyo kwamba suke hulazimika kungojea chavua iletwe na upepo kutoka kwa jirani aliyetangulia kuchanua. Kungojea huko kuna hatari yake, kwa maana njia ipitayo chavua ndiyo ipitayo agoti, ugonjwa wa kuvu unaoliteka ua, ukalifanya litoe matone matamu yanayonata, kisha ukaacha kigumba cheusi mahali pa punje. Stigma iliyokwisha kuchavushwa hunyauka upesi na kuifungia kuvu njia, kwa hiyo chavua huzaa punje na papo hapo huilinda.

Kutokana na hayo hueleweka kwa nini shamba la mbegu za asili, ambalo masuke yake hayachanui siku moja na ambalo kwa sababu hiyo hudharauliwa kuwa ni la ovyo, huwa na kinga ambayo shamba lililo sawasawa halina: daima kuna suke fulani linalomwaga chavua wakati jingine linaingoja. Nchini India, ambako mbegu chotara ya kwanza ya uwele ilitolewa mwaka 1965, agoti ilishamiri mashambani kwa sababu mimea inayofanana huchanua kwa pamoja, na stigma zote hubaki wazi bila chavua ya kutosha. Haifuati kwamba mbegu zilizoboreshwa hazifai. Okoa na Shibe, zilizotolewa Tanzania katika miaka ya 1990, huchavushana zenyewe kwa zenyewe shambani na si chotara. Linalosikitisha ni mazoea ya kuhesabu gunia peke yake na kuiacha mbegu ya kienyeji ipotee kabla ya yeyote kuuliza ilikuwa ikifanya kazi gani, na hasa katika maeneo makavu kama Dodoma na Singida, ambako mahindi hupandwa kwa ajili ya heshima na kuungua kwa jua.

Wafugaji nao wana sababu ya kuujali uwele. Punje zenye vigumba vya agoti ni sumu, na nguruwe waliolishwa nazo wamewahi kukosa maziwa ya kunyonyesha watoto; lakini uwele safi una protini inayozidi kidogo ile ya mahindi, na majani yake machanga hayana dutu inayozalisha sianidi, sumu iliyomo katika mtama mchanga na iwezayo kumwua ng'ombe.

Unga wake una mafuta mengi kuliko unga wa nafaka nyingi, nao huchacha na kuwa mchungu siku chache baada ya kusagwa, kasoro inayowafukuza wenye maduka ingawa dawa yake ni kusaga kidogo kidogo. Matumizi mengine ya uwele ni ugali, uji, pombe, chakula cha kuku, malisho, na mabua ya kujengea uzio, ambayo katika vijiji vingi huchomwa moto baada ya mavuno huku ng'ombe wakikonda.