Mwanga Uokoao Kiungo

Mwaka 1900, mjini Munich, Oscar Raab alitangaza kwamba rangi ya akridini ikipigwa na mwanga huua vijidudu. Huko Japani, Dk. Katsuyuki Kusuzaki na wenzake waliitumia elimu hiyo kutibu saratani ya mifupa na minofu: huondoa uvimbe, hutia rangi ya jamii hiyo katika jeraha, kisha huliangaza ili chembe za saratani zilizosalia zife. Shabaha yao ni kuuokoa mguu ambao zamani ungekatwa.

Lakini mwanga huo haupenyi mbali; kisu hutangulia. Kwa hiyo tunawaasa wananchi wa visiwani wasiukandekande uvimbe usiopoa, na tunaiomba Serikali imvushe mgonjwa bahari mapema. Tiba mpya haimfai aliyechelewa.