Mary Wawili, Karo Moja

Leo nataka kuwaeleza jinsi kompyuta ilivyomgeuza dada yangu akawa mtu mwingine, naye akakaa nyumbani wiki tatu.

Dada yangu Mary alikuwa akilipiwa karo na wafadhili fulani wanaosaidia wanafunzi wa Kitui na Makueni. Muhula wa pili karo haikufika. Tulipokwenda kuuliza, karani alitazama kompyuta yake akasema, "Huyu tumeshamlipia. Si anasoma Makueni?" Makueni! Sisi ni watu wa Kitui, na dada hajawahi kukanyaga shule yoyote ya huko. "Kijana," akaniambia, "kompyuta haidanganyi."

Kumbe ni kweli, haikudanganya. Wafadhili hao hupokea orodha kutoka shuleni, kwa machifu na benki, kisha huziunganisha ziwe daftari kuu moja ili mtu asilipwe mara mbili. Kompyuta hulinganisha rekodi mbili kisanduku kwa kisanduku. Kila kisanduku kinachofanana hupewa alama, na alama zikifika kiwango kilichowekwa, rekodi mbili huwa mtu mmoja. Basi hapo hakuna haja ya kubishana kama ni mtu yule yule. Swali ni moja tu: alama zimetoka wapi?

Nilimwomba karani atufungulie rekodi zote mbili, bega kwa bega. Jina la kwanza, Mary na Mary. Hilo si ajabu. Ita Mary sokoni uone watakavyogeuka. La pili, dada ni Mutuku na mwenzake ni Mutiso. Nikaruka, "Si hayo ni tofauti!"

Kwetu ni tofauti. Mutuku ni aliyezaliwa usiku, na Mkamba yeyote atakuambia. Lakini programu ilitumia kanuni iitwayo Soundex, ambayo Robert Russell alipata hataza yake Marekani mwaka wa 1918. Kanuni hiyo huacha herufi ya kwanza ilivyo, hutupa irabu pamoja na h, w na y, kisha hupa konsonanti tarakimu. T ni 3. K ni 2, na s pia ni 2. Pasipotosha tarakimu tatu, huongeza sufuri. Mutuku huwa M320. Mutiso? M320. Jaribu Mutisya uone, ni M320 vile vile! Sisemi kanuni haina faida: karani mmoja akiandika Musyoka na mwingine Musioka, zote huwa M220, na mtu hapotezi haki yake kwa sababu ya herufi moja.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ilikuwa 1 Januari kwa wote wawili, mwaka mmoja. Wazazi walijua mwaka tu, siku ikajazwa na mwandishi wa fomu. Lakini lililonichekesha, tena likaniudhi, ni nambari ya simu. Visanduku vyote viwili vilikuwa vitupu, na programu ikahesabu kwamba tupu na tupu ni sawa. Ikatoa alama!

Mwaka wa 1969, Ivan Fellegi na Alan Sunter wa Kanada waliandika kwamba kufanana katika jambo la kawaida kuwe na uzito mdogo kuliko kufanana katika jambo la nadra. Ukambani mtoto hupewa jina la babu au nyanya, kwa hiyo mabinamu wengi hubeba jina moja. Mutuku wawili hapa kwetu si ushahidi mkubwa. Mutuku wawili kule Kanada, hapo tungezungumza.

Karani alipiga simu Nairobi. Visanduku vitupu vikanyimwa alama, na tarehe 1 Januari pia, na rekodi zinazofanana kwa majina tu sasa husomwa na mtu kabla ya kuunganishwa. Dada alirudi shuleni Jumatatu na sanduku lake. Mtihani wa katikati ya muhula ulikuwa umeshapita.