Fedha za Mwenye Kuvuka Mpaka

Sisi tukaao Bomang'ombe hatuko mbali na nchi ya jirani. Mtu apandaye gari alfajiri, akapita Moshi na Himo, hufika Holili kabla ya adhuhuri, na ng'ambo yake ni Taveta, nchi ya Kenya. Huyu aenda kununua bidhaa, huyu ampeleka mtoto shule, huyu aenda kuzika ndugu. Basi yafaa kila nyumba ijue namna ya kutunza fedha safarini.

Zamani jambo hili halikuwa na taabu. Tangu miaka ya 1920 shilingi ilikuwa moja katika Tanganyika, Kenya na Uganda, na mtu aliuza kahawa yake Moshi akanunua nguo Mombasa kwa fedha ile ile. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa shilingi yake. Jina lilibaki moja, lakini baadaye thamani ziliachana. Miaka hii ya karibuni Shilingi 1 ya Kenya yapata kama Shilingi 20 za Tanzania, bali bei hupanda na kushuka. Kwa hiyo uiulize siku ile ile ya safari.

Hapa ndipo wengi hupotea. Duka la kubadilishia fedha lina bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na faida ya mwenye duka i katikati. Mathalani, duka lauza Shilingi ya Kenya kwa Sh. 20, nalo lainunua kwa Sh. 19. Baba atoa Sh. 200,000, apewa Sh. 10,000 za Kenya. Shauri lake likivunjika, akazirudisha zote, atapata Sh. 190,000 tu. Sh. 10,000 zimekwenda, wala hakununua hata chumvi! Basi badili kiasi cha haja yako, na akiba kidogo ya dharura.

Tena, usifiche noti za kigeni sandukuni miaka mingi. Tarehe 1 Juni 2019 ilitangazwa huko Kenya kwamba noti za zamani za Sh. 1,000 hazitatumika baada ya tarehe 30 Septemba mwaka ule. Mama mmoja jirani yetu alikuwa na noti 12 chini ya nguo, akiba ya karo ya mwanawe. Habari zilimfikia mwezi wa Novemba, nazo zilikuwa karatasi tu. Januari ilipofika, mtoto alikaa nyumbani. Hata kwetu, noti za zamani zilizotolewa tangu 1985 hadi 2003 zilipewa muda wa kubadilishwa, tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Basi sikilizeni matangazo ya Benki Kuu, na mwenye kusoma amsomee asiyejua.

Mwisho, badili fedha benki au katika duka lenye leseni, ukapewe stakabadhi. Yule asimamaye kando ya njia huhesabu upesi upesi. Pengine noti moja imekunjwa katikati, nawe waiona mbili. Hesabu mwenyewe, polepole, kabla hujaondoka. Fedha zako zigawe mahali pawili, usizitoe mbele ya watu, na jioni uandike yote uliyotumia. Wazee wetu walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.