Kariakoo, Ndinga Inalala Wapi?

Wanangu wa Msowero, ufuta ukishauzwa na hela ya mbaazi ikishaingia, kitaa kizima kinajua safari inayofuata: Kariakoo. Mwenye fremu ya nguo pale barabarani anataka mzigo mpya, fundi simu anataka vioo na chaji, mama ntilie anatafuta sufuria za maana, bwana harusi mtarajiwa anasaka suti. Na siku hizi wana wengi wana usafiri. Huyu ana IST, yule kavuta Noah, wa tatu kachanga na kaka yake wakanunua kirikuu. Lami ya Dumila inapita mlangoni, ukigusa Dumila umeshaiona Moro, na kutoka Moro mpaka Dar ni kama kilomita 190. Kwa nini ubanane kwenye basi?

Sawa, njoo na mkoko. Ila kuna swali moja ambalo kijiweni hakuna anayekuuliza, utaliuliza mwenyewe ukiwa umeshanasa Mtaa wa Msimbazi saa nne asubuhi: unapaki wapi?

Hili linaniuma kwa sababu naona jinsi wana wanavyounguza siku. Mtu katoka kijijini usiku wa manane, hajalala, anafika Kariakoo jua limeshachomoza. Anazunguka Msimbazi, Uhuru, Lumumba, anarudi Msimbazi. Mafuta yanakata. Shemeji anashushwa akanunue peke yake, simu inaisha chaji, wanapotezana. Jioni wanarudi na nusu ya mzigo na ugomvi wa njia nzima. Mimi nasema hivi, na nitalisema kila kijiwe: Kariakoo inaingiwa kwa miguu. Gari linaachwa pembeni.

Ujue kwanza kwa nini pamebana. Mitaa ile ilipimwa zama za Mjerumani, viwanja vidogo vidogo vya kujengea nyumba za Kiswahili, zile za korido katikati, vyumba huku na huku, na uwani nyuma. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiga, Waingereza wakaweka pale kambi ya wapagazi wao, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi na wengi hawakurudi makwao. Baadaye pakawa soko. Lile jengo kubwa la soko lenye paa kama miavuli ya zege ni kazi ya Beda Amuli, msanifu wetu Mtanzania, na lilifunguliwa 1975. Hapo hapo jirani, Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954. Simba wana jengo lao Msimbazi, Yanga wako Jangwani. Historia ya nchi imejipanga kwenye mitaa ambayo ukiikatiza kwa mguu hutoki jasho.

Sasa viwanja ni vile vile na barabara ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba juu ya kiwanja cha nyumba moja ya Kiswahili limesimama ghorofa refu lenye fremu mpaka chini ya ngazi. Kila fremu ina muuzaji, ina mzigo wa kushusha, ina wateja, na wateja wenyewe wanatoka Zambia, Kongo, Malawi, Komoro. Wewe wa Msowero umo kwenye foleni hiyo hiyo na mtu wa Lubumbashi.

Simama Mtaa wa Kongo saa tano uone. Nguo zimetandazwa chini, juu zimening'inia, katikati kimebaki kichochoro cha watu. Guta linakuja limejaa marobota mpaka anayelisukuma humuoni, unasikia sauti tu, "Pisha mzigo!" Kila mtu anajibana ubavuni, guta linapita, watu wanafunga tena nyuma yake. Anayeingiza Noah hapo kazuia mkate wa watu mia. Na ukumbuke soko lilivyoungua usiku wa Julai 10, 2021, ukumbuke na ghorofa lililoporomoka Novemba 16, 2024 likaua watu. Siku kama hizo gari la zimamoto na la wagonjwa linahitaji njia. Ukiziba mtaa kwa sababu "nachukua kitu kimoja tu", umeziba njia ya mtu anayepigania roho. Hilo silitanii.

Haya, tuje kwenye michongo.

Wa kwanza ni kuacha gari mbali kabisa. Karibu kila familia ya Msowero ina mjomba au shangazi Kimara, Mbezi au Ubungo. Piga simu mapema, usimshtukize mtu alfajiri na gari getini kwake. Mbebee mchele wa nyumbani, paki kwake, nenda Kimara upande mwendokasi ya Gerezani. Njia hiyo ilianza kazi 2016, ina barabara yake yenyewe, na inakushusha miguuni pa Kariakoo wakati wenye magari bado wanahesabu taa. Asubuhi inajaa kinoma, hilo sikufichi, simu na pochi ziweke mbele. Ila hata ukisimama njia nzima umeshinda.

Wa pili ni kama huna ndugu. Kabla hujalipia gesti, uliza kama ina sehemu ya kupaki ndani ya geti, na uulize kwa maneno hayo hayo: ndani ya geti. Ukisikia "usijali, tutakupangia", jua gari litalala barabarani. Kuna maghorofa mapya yenye paking chini na kuna yadi za kulipia zenye mlinzi na tiketi. Bei inapanda kadiri unavyosogea sokoni, kwa hiyo kubali kutembea. Na uwahi. Anayefika kabla mitaa haijaamka anachagua, anayefika saa nne anachaguliwa. Jumapili pamepoa zaidi, japo maduka mengi hufungwa, kwa hiyo mpigie kwanza mwenye mzigo wako.

Wa tatu ni kupaki kwenye maegesho ya barabarani, na hapa wageni wengi wanapigwa. Maegesho hayo yako chini ya TARURA. Mhudumu anapita, anaingiza namba za gari lako kwenye kifaa, na deni linasoma kwenye mfumo hata kama hukumuona. Unalipa kwa kontroo namba kupitia simu. Ukitaka kujua unadaiwa nini, piga *152*00# uangalie kabla hujaondoka mjini, kwa sababu deni la paking halibaki Dar, linarudi na gari mpaka Msowero na likikaa linazaa faini. Mtu akikwambia "nipe hapa mkononi tumalizane", muombe kontroo namba kiroho safi. Hana? Hela yako ibaki mfukoni.

Kuna na wale madogo wenye kitambaa begani wanaokuonyesha pa kuingiza gari. Wengi ni wapambanaji kama sisi, wanatafuta ugali, na wanaujua mtaa kuliko ramani ya simu. Elewaneni bei kabla hujazima injini, jero au buku, na umpe kwa heshima ukirudi. Lakini funguo usimwachie. Na kama ameweka gari lako kwenye kibao cha kukataza, bredidauni ikija yeye hayupo, na utakaolipa ni msimbazi si mmoja. Macho yako ndiyo yasome kibao.

Halafu vioo. Kabla hujatoka Moro, tafuta fundi akuchoree namba za gari kwenye saiti mira, kwenye vioo vyote na kwenye taa. Ni kazi ya muda mfupi na gharama ndogo. Kioo chenye namba yako mwizi anakiona mzigo, kukiuza ni shida. Ndani ya gari usiache kitu juu ya siti, hata koti. Kwenye dashibodi weka karatasi yenye namba ya simu, herufi kubwa, ili ukimzibia mtu akupigie badala ya kukutolea upepo. Namba hiyo iwe hewani basi, sio unazima kisa unapiga bei ya jinzi.

Mzigo je? Hapa ndipo wana wanapotetea kuingiza gari ndani: "Nitabebaje?" Mwanangu, Kariakoo nzima ni mtambo wa kubeba. Nunua duka la kwanza, waambie wakutunzie, nenda la pili, la tatu. Ukimaliza, pakia kila kitu kwenye salfeti, shona, andika kwa makapeni jina, simu na "Msowero, Kilosa". Ita guta, litakusanya duka kwa duka mpaka gari lilipo. Au upeleke kwa wakala wa mizigo, upande fuso la Moro, wewe urudi mikono mitupu.

Ukishafika hapo, jiulize kama gari lilikuwa na kazi. Treni ya SGR ilianza kubeba watu Dar na Moro Juni 2024, nauli ya kawaida 13,000, na Kilosa mjini ina stesheni yake. Unatoka Msowero kwa Noah au boda hadi Kilosa, unapanda treni, unashuka Dar, na kutoka stesheni hadi Kariakoo boda ni pua na mdomo. Piga hesabu mafuta ya kwenda na kurudi, paking, na uchovu wa kuendesha usiku. Kwa wawili au mmoja, treni inashinda. Mkiwa wanne na mzigo wa friji, sawa, washeni Noah.

Na kwa atakayekuja na gari masika, asikilize redio kabla ya kuanza kurudi. Sisi tuliliona daraja la Dumila lilivyosombwa Januari 2014, hatuhitaji kuelezwa maji yanafanya nini. Jangwani ikijaa, Barabara ya Morogoro inafungwa na kila gari linageuzwa. Shika Uhuru, pita Ilala Boma, tokea Buguruni, kamata Mandela mpaka Ubungo. Foleni ipo, ila inatembea.