Marafiki waliobaki upande huu wa Chania

Kwa mkazi wa Theta, kule kati ya Ruiru na Juja, daraja la mto Chania halikuwa kitu cha kutazamwa mara mbili. Matatu hulivuka zikitoka Thika kuingia Murang'a na abiria hata hainui macho. Lakini tarehe 6 Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa Nairobi na viunga vyake kwa sababu ya korona, na upande wa Thika amri hiyo ilikomea darajani hapo. Ruiru, Juja, Theta na mji wa Thika zikawa ndani. Murang'a ikawa nje.

Waliofiwa ndio walioujua mpaka huo vizuri. Jamaa nyingi za Theta zilitoka kwingine, wazee wao wakaja kufanya kazi katika mashamba ya kahawa, au wakanunua ardhi mashamba hayo yalipokatwa. Ploti ya hamsini kwa mia ikishajengwa nyumba na kibanda cha kuku, haibaki nafasi ya kaburi. Basi baba akifa hurudishwa kwao, na kwao mara nyingi ni ng'ambo ya Chania.

Hebu tuchukue mfano wa baba kama huyo: mzee wa kanisa, mwenye mke na watoto wanne, aliyeishi Theta miaka thelathini. Siku za kawaida, habari za kifo chake zingefika kanisani kabla ya jua kutua. Viti vingekopwa, sufuria kubwa ya chai ingetiwa motoni, na kila jioni hadi siku ya mazishi watu wangekuja kuomba, kuimba na kuchanga. Kamati ingepiga hesabu ya mochari, jeneza na mabasi. Vijana wetu wa mjini hulalamika kwamba matanga yamegeuka harambee tupu, na wana haki kiasi. Lakini anayelalamika hivyo mara nyingi huwa ameondoka pesa zilipokwisha kuhesabiwa. Mazungumzo yenyewe huja baadaye, kwenye chai ya pili.

Hapo ndipo mtoto humsikia baba asiyemjua. Nyumbani alikuwa mtu wa kuuliza habari za karo na kufunga mlango saa tatu. Kumbe kazini ndiye aliyemdhamini mwenzake mkopo, yule mwenzake akatoroka, naye akalipa kimyakimya miaka miwili. Kumbe kabla ya kuokoka alicheza dansi hata akasifika. Mke hujua nusu ya mume wake. Nusu nyingine imewekwa kwa marafiki, na wao huitoa siku hizo chache tu.

Wala desturi hii si ya kale sana. Zamani Wagikuyu wengi hawakuzikwa. Kaburi lilikuwa la mzee mwenye mali, na kugusa maiti kulileta thahu, unajisi uliotaka kutakaswa. Makanisa ndiyo yaliyoeneza kaburi la kila mtu, na kandokando ya kaburi hilo yakazaliwa maneno: jirani aseme, mfanyakazi mwenzake aseme, wanaume wa kanisa waitwe waweke shada la maua.

Mwaka 2020 serikali iliruhusu watu 15 tu mazishini. Hebu hesabu: mjane, watoto wanne, ndugu zake, mchungaji, wachimba kaburi. Umekwisha kufika. Kuvuka daraja kulitaka kibali, na kukusanyika jioni kulikatazwa. Rafiki wa miaka thelathini alituma mchango wake kwa M-Pesa, akabaki Theta na maneno yake. Njia ilifunguliwa tarehe 7 Julai, lakini Machi 26 mwaka uliofuata Kiambu ilifungwa tena pamoja na Nairobi, Machakos, Kajiado na Nakuru. Safari hii waombolezaji hawakuzidi 50, na maiti ilitakiwa izikwe katika muda wa saa 72.

Sidhani serikali ilikosea. Ugonjwa ulikuwa ukiua. Tena wako waliofurahi kuona gharama zimeshuka, wakasema ingefaa iwe hivyo daima. Kuhusu gharama nakubaliana nao kabisa. Jeneza la bei halimwongezei marehemu chochote. Ila pamoja na mabasi na mahema tulifyeka na ile chai ya pili, na hiyo haikuwa ghali.

Baadaye jamaa kadhaa zilifanya ibada za kumbukumbu, kukawekwa msalaba wa kudumu na kupikwa pilau. Ni jambo jema, ingawa pilau likiiva mapema maneno hukatizwa. Wakati huo huo wale marafiki wanazidi kuzeeka. Aliyekuwa na miaka 70 wakati ule yuko katikati ya sabini sasa, na si kila kitu atakachokikumbuka mwaka ujao.

Mwanafunzi mwenye simu anaweza kwenda kwake Jumamosi na kurekodi sauti. Asimuulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kwa maana atajibiwa kwamba alikuwa mtu mzuri, basi. Amuulize walionana wapi mara ya kwanza, na nani alikuwa na deni la nani. Na mama akiweza kutembea, aende naye. Yako mambo ambayo hata yeye hakuambiwa.