Kuunda Kozi ya Kifaransa kwa Wanafunzi wa Uhusiano wa Kimataifa Nchini Tanzania: Lugha za Awali za Mwanafunzi kama Msingi

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna kozi ya Kifaransa ya chuo kikuu inavyoweza kuundwa kwa ajili ya wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa nchini Tanzania wanaoanza kujifunza lugha hiyo ukubwani. Kwa kuongozwa na mkabala wa Kifaransa kwa malengo mahsusi, inaonesha kwamba hitaji kuu la wanafunzi hao ni kusoma nyaraka za Kifaransa na kufikisha maana yake kwa Kiswahili. Inaonesha pia kwamba Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu anazozijua mwanafunzi ni msingi wa kujengea kozi hiyo, wala si kikwazo cha kuondolewa darasani.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi aliyekulia katika Kata ya Ipililo, wilayani Maswa katika Mkoa wa Simiyu, kwa kawaida hufika chuo kikuu akiwa na lugha tatu. Kisukuma amekipata nyumbani, Kiswahili amesomea katika shule ya msingi, na Kiingereza kimekuwa lugha yake ya kufundishiwa tangu kidato cha kwanza. Akijiunga na programu ya uhusiano wa kimataifa, Kifaransa huwa lugha yake ya nne, na mara nyingi hukianza bila msingi wowote. Mwenzake aliyesoma katika shule yenye mwalimu wa somo hilo, au aliyepitia tahasusi ya KLF, huwa amekwisha kumtangulia kwa miaka kadhaa.

Kozi inayowaweka wanafunzi hawa wawili mbele ya kitabu kimoja cha mazungumzo ya mgahawani jijini Paris humchosha mmoja na kumwacha mwingine njiani. Kwa hiyo, suala la kuunda kozi si la kiisimu tu. Linahusu pia nani atapata nafasi ya kuiwakilisha nchi katika eneo ambamo Kifaransa kinatumika kila siku.

2.0 Kifaransa katika Mazingira ya Kidiplomasia ya Tanzania

Tanzania inapakana na nchi tatu ambamo Kifaransa ni lugha rasmi: Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini mwaka 1999 ilikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya kuendelezwa kwa mawasiliano mapana. Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi waliridhia Kiswahili na Kifaransa viingizwe katika orodha ya lugha rasmi.

Jiji la Arusha lina historia ndefu zaidi ya jambo hili. Makubaliano ya Amani ya Rwanda yalitiwa saini huko tarehe 4 Agosti 1993, na yale ya Burundi tarehe 28 Agosti 2000, baada ya usuluhishi ulioanzishwa na Mwalimu Julius Nyerere na kuendelezwa na Nelson Mandela. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyoundwa kwa Azimio namba 955 la Baraza la Usalama la mwaka 1994 na kufanya kazi Arusha hadi mwaka 2015, ilikuwa na lugha mbili za kazi: Kiingereza na Kifaransa.

Inaweza kudaiwa kwamba Kiswahili kinatosha, kwa kuwa ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo na kinazungumzwa Lubumbashi, Bukavu na Goma. Dai hili lina ukweli wa nusu. Mazungumzo na dereva wa lori, mkimbizi au askari yanaweza kwenda kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, hati ya forodha, barua ya wizara, hukumu na mkataba huandikwa kwa Kifaransa. Ofisa wa Tanzania hujikuta kati ya usemi wa Kiswahili na maandishi ya Kifaransa. Pengo hilo ndilo kozi inapaswa kuliziba.

3.0 Uchambuzi wa Mahitaji

Mangiante na Parpette (2004) wanaeleza hatua tano za kuunda kozi ya Kifaransa kwa malengo mahsusi: ombi la mafunzo, uchambuzi wa mahitaji, ukusanyaji wa data, uchambuzi wa data hizo, na uandaaji wa shughuli za darasani. Hutchinson na Waters (1987), wakizungumzia Kiingereza, walikwisha kutofautisha mambo matatu ndani ya dhana ya mahitaji: yale ambayo kazi inamlazimu mwanafunzi kuyajua, yale anayopungukiwa, na yale anayoyataka mwenyewe.

Mambo hayo matatu hayaelekei upande mmoja. Mwanafunzi hutaka kuzungumza, kwa kuwa kuzungumza ndiko kunakoonekana. Kazi humlazimu kwanza kusoma: taarifa kwa vyombo vya habari, muhtasari wa kikao, azimio na itifaki. Anachopungukiwa ni muda. Kozi ya mihula minne yenye wiki kumi na tano kila mmoja, kwa saa nne kwa wiki, hutoa saa 240 tu. Muda huo hauwezi kumfikisha anayeanza katika ngazi ya B2 ya Mfumo wa Pamoja wa Ulaya wa Marejeleo ya Lugha kwa stadi zote. Hata hivyo, mfumo huo wenyewe unaruhusu umilisi usiolingana: mwanafunzi anaweza kulenga B1 katika kusoma na A2 katika kuzungumza. Kuamua hivyo mapema ni uaminifu kwa mwanafunzi.

Ukusanyaji wa data nao una masharti yake. Nyaraka za siri haziwezi kuingia darasani, lakini maazimio ya Umoja wa Mataifa, mikataba na taarifa za wizara zilizo wazi kwa umma zinatosha. Vitabu vilivyochapishwa Ufaransa, kama vile Objectif Diplomatie, vina manufaa, ila havitoshi peke yake. Kwa mfano, wasemaji wa Kongo, Rwanda na Burundi husema septante (sabini) na nonante (tisini), ilhali vitabu hivyo kwa kawaida hufundisha soixante-dix na quatre-vingt-dix. Mwanafunzi asiyewahi kusikia maumbo hayo anaweza kupotea katika hesabu ya tani za mizigo.

4.0 Lugha za Awali kama Msingi

4.1 Ngeli na jinsia ya kisarufi

Jinsia ya kisarufi humtatiza mwanafunzi akielezwa kwamba meza ni "ya kike". Akielezwa kwamba Kifaransa kina ngeli mbili, jambo huwa jepesi. Msemaji wa Kiswahili au Kisukuma amezoea nomino kutawala upatanisho wa sentensi. Tunaposema kikao kimefungwa na mjadala umefungwa, kitenzi kimefuata ngeli. La séance est close na le débat est clos hufanya kazi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba nomino ya Kifaransa kwa kawaida haibebi kiambishi cha ngeli, hivyo kibainishi ndicho kinachoitambulisha. Kila nomino basi ifundishwe pamoja na kibainishi chake.

4.2 Kiambishi -ki- na lugha ya maazimio

Azimio la Umoja wa Mataifa ni sentensi moja ndefu. Baraza hutajwa mara moja, kisha hufuata maumbo ya vitenzi yasiyo na nafsi kama rappelant na réaffirmant, na mwishoni vitenzi vikuu. Kiswahili kina nyenzo kamili ya muundo huu: likikumbuka, likithibitisha tena, likiwa na wasiwasi, kabla ya linaamua. Mwanafunzi akiliona hilo, hutambua mara moja sehemu ya azimio inayoeleza usuli na ile inayotoa uamuzi.

Vitenzi vikuu vyenyewe vina ngazi za nguvu: invite (linaalika), prie (linaomba), demande (linatoa wito) na exige (linadai). Mwanafunzi anayevitafsiri vyote kwa linataka amefuta tofauti ambayo wajumbe huenda waliibishania usiku kucha.

4.3 Vibainishi na uzito wa kimya

Kiswahili hakina kibainishi cha lazima cha kuonesha umahususi wa nomino. Athari yake inaonekana katika Azimio namba 242 la tarehe 22 Novemba 1967 kuhusu Mashariki ya Kati. Matini ya Kifaransa inataja kuondoka des territoires occupés. Umbo des hapa ni muunganiko wa de na les, na linaweza kusomwa kuwa linarejelea maeneo yote yanayohusika. Matini ya Kiingereza haina kibainishi mahali hapo, na mabishano juu ya tofauti hiyo yameendelea kwa miongo mingi. Tafsiri ya Kiswahili, maeneo yaliyokaliwa, haisemi lolote upande wowote. Mwanafunzi hapaswi kuuona ukimya huo kuwa upungufu wa lugha yake, bali ajue ni lini aongeze yote au hayo, na ni lini aache bila kuongeza.

4.4 Sauti

Kiswahili kina irabu tano na Kisukuma kina saba. Irabu hizo za ziada hazilingani moja kwa moja na za Kifaransa, lakini msemaji wa Kisukuma huja na sikio lililozoea tofauti ndogo za irabu za juu. Kinachohitaji mazoezi ni irabu za nazali na irabu ya mbele ya mviringo. Jozi ci-dessus (hapo juu) na ci-dessous (hapo chini) inatosha kuonesha uzito wa jambo hili: ikikosewa, msikilizaji hutafuta ibara upande usiokuwa wake.

4.5 Maneno yanayofanana na ya Kiingereza

Kiingereza humpa mwanafunzi hazina ya istilahi kama convention, protocole na ratification. Humtegea mitego pia. Délai ni muda uliowekwa, si ucheleweshaji; éventuellement ni ikibidi au huenda, si hatimaye; assister à ni kuhudhuria, si kusaidia. Kiswahili ndicho hutegua mitego hiyo, kwa kuwa maneno yake hayafanani na ya upande wowote.

5.0 Mpangilio na Upimaji

Kwa kuzingatia hayo, muhula wa kwanza unaweza kuhusu sauti, tarakimu, vyeo na utambulishaji. Wa pili, taarifa fupi za habari na barua rasmi. Wa tatu, maazimio na mikataba. Na wa nne, kikao cha kuigiza. Makubaliano ya Burundi ya mwaka 2000 yanafaa kwa kikao hicho, kwa kuwa yana itifaki tano zinazoweza kugawiwa makundi matano. Kila kundi lisome itifaki yake kwa Kifaransa, kisha liandike muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili kana kwamba unapelekwa kwa Waziri.

Muhtasari huo uwe pia chombo cha kupimia. Unapima uelewa bila kumwadhibu mwanafunzi kwa udhaifu wa kuandika Kifaransa, na unamzoeza kazi atakayoikuta ofisini. Kuzungumza kusiachwe, bali kujikite katika tanzu zinazotabirika: kusalimu kwa itifaki, kuomba nafasi ya kusema, kuomba ufafanuzi na kuahirisha jibu. Mwalimu wa lugha, ambaye kwa kawaida si mwanadiplomasia, ashirikiane na wahadhiri wa sheria na siasa katika kuchagua matini.

6.0 Hitimisho

Kozi inayoanzia katika mahitaji ya kazi na katika lugha alizonazo mwanafunzi haimtaki kijana wa Ipililo asahau ngeli za Kisukuma ili apate jinsia ya Kifaransa, wala haimtaki mhitimu azungumze kama mkazi wa Paris. Inamtaka asome ibara kwa usahihi na aweze kuieleza kwa Kiswahili bila kuongeza wala kupunguza. Muhtasari wa kozi unaotaja Kiswahili miongoni mwa lugha za kazi za darasa la Kifaransa ndio hatua ya kwanza, na uamuzi wa kuutaja uko ndani ya uwezo wa idara zenyewe.