Mtumishi Kijana Mwenzake Anapomaliza Utume

Kila mtumishi aliyetumwa mbali na kwao hukutana mapema na siku ambayo mwenzake anamaliza muda wake na kuondoka. Tuchukue mfano wa mwinjilisti kijana aliyepangiwa Magoma, katika bonde la Lwengera, wilayani Korogwe. Ameshirikiana na mwenzake nyumba, sala za asubuhi na safari za mitaani. Barua ya uhamisho inafika, mwenzake anaaga. Jioni ile chakula hupikwa cha mtu mmoja, na sala hukosa mwitikio. Ndipo kijana hujiuliza: Je, utume nao umekwisha?

Historia ya pande hizi ina jibu. Mwaka 1846 Johannes Rebmann, Mlutheri wa Württemberg mwenye umri wa miaka 26, alifika Mombasa kuwa mwenzi wa Ludwig Krapf. Wote wawili walitumwa na chama cha misheni cha Kianglikana, CMS, wakaanzisha kituo Rabai. Krapf alitazama mbali. Mwaka 1848, na tena 1852, alisafiri hadi Usambara kwa mtawala Kimweri, akitafuta mlango wa Injili katika milima hiyo inayolipakana bonde la Lwengera. Lakini mwaka 1853 udhaifu wa afya ulimrudisha Ulaya. Jakob Erhardt, mwenzao wa tatu, akaondoka mwaka 1855. Rebmann akabaki. Mwaka 1866 alifiwa na mkewe, Emma, baadaye akapofuka. Aliondoka mwaka 1875, akafariki mwaka uliofuata.

Hapa yafaa tujihadhari. Ni rahisi kumsifu Rebmann kama shujaa wa upweke, na kumwambia kijana wa leo avumilie vivyo hivyo. Sivyo. Miaka ile ilimgharimu mno, na waliobatizwa walikuwa wachache. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wawili wawili (Marko 6:7). Kwa hiyo Kanisa linalomwacha kijana peke yake kwa muda mrefu halimpimi imani, limeacha agizo.

Hata hivyo, Rebmann hakuwa peke yake kabisa. Pale Rabai walikuwapo Wakristo wenyeji kama Abe Gunja na Abe Ngoa. Na mzee yule kipofu alipovuka bahari kurudi kwao, aliyemsindikiza ni Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Mwenzi aliyetumwa kutoka ng'ambo alikuwa ameondoka zamani; mwenzi aliyezaliwa na Injili papo hapo alikuwa kando yake.

Basi anayeondoka asikabidhi vitabu vya usharika na funguo tu. Akabidhi watu: amfikishe mwenzake kwa wazee wa kanisa, kwa wagonjwa, kwa wajane, ili wamjue kwa jina. Naye anayebaki asijifungie nyumbani kungoja mwenzi mpya. Aombe pamoja na wazee, akubali kufundishwa nao na hata kuonywa.

Krapf hakuuona mlango wa Usambara ukifunguka. Alifariki mwaka 1881, na Walutheri walianza kazi Mlalo mwaka 1891. Mtumishi humaliza zamu yake. Utume ni wa Bwana, naye hakuumaliza siku mwenzetu alipofunga mizigo.